Mti Mkubwa Si Shahidi wa Rutuba

Kuna imani inayotembea na panga mkononi: penye msitu mnene ndipo penye rutuba. Mtu anatazama mti ambao watu watatu hawawezi kuukumbatia, anaapa kwamba ardhi iliyoulea mti ule haiwezi kushindwa na mahindi. Hesabu inaonekana safi, lakini ni ya uongo, na mkulima ndiye anayeilipia kwa jasho lake.

Nenda Amani, juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka na msitu haukauki. Sasa shika jembe uchimbe ukingoni mwake. Juu utakuta mboji nyeusi, kina cha vidole tu. Chini yake ni udongo mwekundu, mchachu, uliosuuzwa na mvua kwa karne na karne hadi ukabaki mtupu. Chakula kingi cha msitu kimo ndani ya miti yenyewe. Jani likianguka linaoza, na mizizi inawahi kulinyonya kabla mvua haijalibeba. Usione vyaelea, vimeundwa.

Anayefyeka na kuchoma hudanganyika zaidi. Majivu hupunguza uchachu na kumwaga chakula kwa mpigo, hivyo mahindi ya msimu wa kwanza humpita mtu kimo. Majirani wanausifu udongo. Majivu hayasifiwi na mtu. Misimu michache baadaye mvua imeshayapeleka bondeni, na mahindi ya shamba lile lile yanaishia kifuani, majani ya chini yamegeuka zambarau. Rangi hiyo ni njaa ya fosforasi, ambayo udongo mwekundu wa namna hii huikamata na kuing'ang'ania. Mwenye shamba anasema ardhi imechoka. Haikuchoka, maana nguvu hizo haikuwa nazo tangu mwanzo. Alikuwa anakula akiba ya msitu, na akiba imekwisha.

Asitokee mtu akasema huo ni ujinga wa wanakijiji. Miaka ya 1890 makampuni ya Kijerumani yalifyeka misitu ya Usambara hiyo hiyo ili kupanda kahawa, kwa imani hiyo hiyo. Mwanzo ulileta matumaini, kisha mavuno yakaporomoka. Wadudu na bei vilichangia, lakini mbuni usio na chakula ardhini hauna pa kusimamia. Taasisi ya utafiti wa kilimo ilianzishwa Amani mwaka 1902, mashamba yakiwa yameshapandwa. Wajerumani waliita wageni kwanza, ndipo wakaenda kuangalia kama unga upo.

Nitaulizwa: mbona Kilimanjaro na Rungwe? Migomba na kahawa si vinastawi palipokuwa msitu? Kweli, ila shahidi wa huko ni volkano. Mwamba wake bado ni kijana na unaendelea kuulisha udongo. Mwamba wa Usambara ni mzee mno. Msitu mnene umeota juu ya yote miwili, kwa hiyo hauthibitishi lolote.

Udongo ndio unaopaswa kuchagua zao. Chai inapenda uchachu, ndiyo maana imeshika Amani mahali palipoishinda kahawa. Mdalasini na karafuu ni miti, angalau huacha mizizi ikishikilia mteremko. Iliki inastahimili kivuli, lakini hata yenyewe huchosha: mavuno yakishuka baada ya miaka kadhaa, wengi humaliza kukata miti iliyobaki na kupanda mahindi au mihogo. Hapo udongo huanza safari ya kwenda Mto Zigi, na Zigi ndio unaowanywesha wakazi wa jiji la Tanga.

Wewe unayetafuta shamba, na wewe kiongozi unayegawa ardhi kwa kuitazama kwa macho, anzeni na jembe kabla ya panga. Kituo cha utafiti cha Mlingano, ambacho hushughulika na udongo, kiko Muheza hiyo hiyo. Pelekeni udongo ukapimwe. Mwenye shamba tayari aweke samadi na chokaa, na aache kuchoma majani. Lakini ukichimba ukakuta vidole vinne vya mboji juu ya udongo mwekundu mchachu, rudisha panga nyumbani. Hapo hakuna shamba la mahindi, kuna msitu tu.