Wanawake Waliochoka Kuambiwa Wavumilie

Hadi mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa katika nchi hii ya Kongo hakuweza kisheria kutia sahihi mkataba unaomfunga, wala kusimama mahakamani kudai chake, bila idhini ya mumewe. Ndivyo ilivyosema Sheria ya Familia ya 1987. Julai 2016 idhini hiyo ilifutwa, ingawa mume alibaki mkuu wa nyumba kwa maandishi. Lakini sheria hubadilishwa Kinshasa, na ndugu wa mume wanaishi hapa Goma. Mama anayevuka mpaka wa Petite Barrière alfajiri na mzigo kichwani, anayelipa shule ya watoto na kodi ya nyumba, bado anaulizwa jioni na shemeji yake: nani alikuruhusu?

Toleo hili tumelitoa kwa riwaya zinazomjua mama huyo. Najua kuna atakayesema huu si wakati wa riwaya. Tangu waasi wa M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji zikavunjwa. Namwelewa anayesema hivyo, na hoja yake ndiyo iliyonifanya nishikilie toleo hili. Wanawake wa Kivu wameandikwa sana na watu wa nje, katika ripoti nyingi, na karibu kila ripoti inamuuliza mwanamke jambo moja tu: ulitendewa nini? Akishajibu, kalamu inafungwa. Riwaya nzuri inakaa naye zaidi ya hapo. Inataka kujua anamwonea nani wivu, anaficha wapi pesa zake, anampenda nani asiyepaswa kumpenda.

Kitabu cha kwanza ninachowasihi mtafute ni *Les Impatientes* cha Djaïli Amadou Amal wa Kameruni. Kilitoka kwanza Yaoundé mwaka 2017 kwa jina lingine, kisha Paris mwaka 2020, na mwaka huohuo kikapata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa lise za Ufaransa. Mwandishi mwenyewe aliozwa kwa nguvu akiwa na miaka kumi na saba. Ramla, msichana wa kwanza kusimulia, anataka kusomea ufamasia. Anapewa tajiri anayelingana umri na baba yake. Hindou anaozwa binamu mlevi anayempiga. Wa tatu ni Safira, mke mkubwa wa tajiri yule, na kwangu yeye ndiye moyo wa kitabu. Safira anamchukia Ramla, ambaye hakuomba kuletwa pale, na anamfanyia vitimbi vinavyotia aibu kuvisoma. Mwandishi hamtetei wala hamhukumu. Anatuachia tuone jinsi dhuluma inavyowagombanisha wawili waliodhulumiwa, huku mwenye nyumba akilala usingizi wake.

Jambo jingine linaloniuma katika kitabu hicho ni hili: maneno ya kuvumilia hayatoki kwa wanaume peke yao. Shangazi na mama wakubwa ndio wanaoyarudia kila siku, kwa upole, wakimpenda kweli binti wanayemfunga. Sisi tuliokaa kwenye mikutano ya mahari hapa Goma tunazijua sauti hizo. Ni za mama zetu.

Kwa Kiswahili, someni *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi, iliyotoka Kenya mwaka 2021. Mangwasha ni karani katika ofisi ya chifu, na ni wa jamii inayobaguliwa. Mumewe anapotea katika pombe, ndugu zake wanafukuzwa makwao, naye anayaona yanayopangwa dhidi yao akiwa kwenye meza yake ya kazi. Momanyi wakati mwingine anahubiri, na wabaya wake ni wabaya mno. Namsamehe kwa sababu hatimaye nimepata riwaya ya Kiswahili ambamo kosa la kwanza la mwanamke halimpeleki kaburini. Tangu *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, mwaka 1971, riwaya ambayo naiheshimu sana, tumezoea kumlilia msichana aliyekufa ili sisi tufundishike.

Abdulrazak Gurnah, katika *Afterlives* ya mwaka 2020, anatupa Afiya, yatima wa pwani ya Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Wajerumani. Kaka yake anamfundisha kusoma na kuandika. Mtu anayemlea anapogundua kwamba binti huyu anajua kuandika, anampiga hadi kumvunja mkono. Baadaye kijikaratasi chenye maneno machache ya Afiya ndicho kinachomletea mtu wa kumtoa katika nyumba ile. Kitabu kipo pia kwa Kifaransa.

Na kipo kitabu kinachofika mpaka kwetu: *La mer Noire dans les Grands Lacs* cha Annie Lulu, mwaka 2021. Nili amezaliwa Romania, mama Mromania na baba Mkongo aliyerudi nyumbani. Amekua akidharauliwa kwa rangi yake, anamtafuta baba, na anatusimulia akiwa kando ya ziwa Kivu, mjamzito, karibu kujifungua. Lugha yake ni nzito, ina hasira, na inadai msomaji mwenye subira. Mpeni muda.

Vitabu hivi ni ghali na ni vigumu kuvipata. Mwenye nakala asiifungie kabatini. Aipitishe kwa jirani, kwa kikundi cha akiba cha likelemba, kwa binti wa darasa la mwisho.

Katika orodha yangu hamna riwaya ya Kiswahili iliyoandikwa na mwanamke wa Goma, na pengo hilo linanisumbua kuliko bei ya vitabu. Kwa hiyo tunaomba miswada. Hata sura moja inatosha, hata kama imeandikwa kwa mkono kwenye daftari la shule, hata kwa Kiswahili cha mtaa wa Birere kama kinavyosemwa sokoni. Tutaisoma yote, na kila mwandishi atajibiwa.