Zege Itazamwe kwa Ndani

Tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba, 2024, likaanguka jingine, Kariakoo. Hatusemi kwamba ufa ndio ulioyaangusha. Hiyo ni kazi ya wachunguzi. Tusemalo ni hili: jicho la fundi peke yake halitoshi.

Zege yaweza kupasuka kwa ndani, nyufa nyembamba kuliko unywele. Hapa pwani maji na chumvi hupenya humo hata yakafika kwenye nondo, nondo zikashika kutu. Na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma, basi huisukuma zege mpaka ikabanduka. Siku mpangaji anapouona ufa ukutani (na mwenye nyumba akaukimbilia kwa chokaa), ugonjwa ni wa zamani.

Njia ya kuutambua mapema ipo. Hukatwa kipande cha zege mfano wa gunzi la muhindi, kikazungushwa mbele ya eksirei, zikapigwa picha mamia kwa mamia, na kompyuta ikaziunganisha kuwa umbo zima lenye urefu, upana na kina. Mtaalamu aweza kulichanja umbo hilo apendavyo, akaona ufa waanzia wapi na waelekea wapi, na kipande chenyewe hakikuguswa. Wala asije mtu akatuambia elimu hii haikupita Afrika: Allan Cormack, mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa ajili yake, alizaliwa Johannesburg, na fikira hiyo ilimjia akiwa Cape Town mwaka 1956.

Watasema ni ghali, tena mashine haiwezi kumeza nguzo nzima. Kweli. Kipande kikizidi ukubwa picha hupungua makali, na mashine ya hospitali haizioni nyufa ndogo kabisa. Ndiyo maana twataka mashine ya kazi hii hasa, iwekwe chuo kikuu, iendeshwe na vijana wetu, ipokee vipande kutoka kila mkoa. Nguzo zipimwe kwanza kwa mawimbi ya sauti. Zitakazotiliwa shaka ndizo zikatwe.

Na majibu yasifungiwe kabatini mwa mwenye nyumba. Mpangaji wa ghorofa ya tatu, na mama auzaye vitenge chini yake, wapewe karatasi ile waisome kabla ya kulipa kodi.