Kibao cha 50 kiko wapi? Dereva analipishwa, mwenye barabara je?

Kila ajali mbaya inapotokea katika barabara zetu za Pwani, lawama hugawiwa wawili: dereva na kudura. Dereva alikimbiza gari, na marehemu siku yake ilikuwa imefika. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Lakini yuko wa tatu ambaye hatajwi matangani wala kituo cha polisi, naye ni mwenye barabara.

Kifungu cha 42 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema gari lisizidi kilomita 50 kwa saa ndani ya mipaka ya kituo cha biashara, mji au manispaa. Hilo madereva wengi wanalijua, angalau kwa kusikia. Nusu ya pili ya sheria hiyo ndiyo tunayoisahau: mamlaka ya barabara inatakiwa iweke na itunze alama za kumwonyesha dereva waziwazi ile 50 inaanzia wapi na inaishia wapi. Kwa maneno mengine, wajibu ni wa pande mbili. Dereva apunguze mwendo, na mwenye barabara amwambie ni wapi.

Sasa tazama miji yetu ilivyo. Mtwapa, Majengo, Vipingo, Gede, na upande wa kusini Ng'ombeni, Kombani na Ukunda, yote imeota kando ya barabara kuu. Leo ni kibanda cha mahamri, mwaka ujao ni soko, baada ya miaka mitano ni mji wenye shule, madrasa na steji ya bodaboda. Mji unasogea lakini kibao hakisogei nao. Dereva wa lori aliyetoka Mariakani usiku hana njia ya kujua kuwa ameshaingia mjini mpaka aone watu mbele ya taa zake.

Wengi hudhani kidhibiti mwendo kimemaliza kazi hiyo. Hakijamaliza. Kidhibiti cha matatu kinafungwa kwenye kilomita 80. Matatu inayopita katikati ya Ukunda kwa 80 kidhibiti chake kiko sawa kabisa, na bado imevunja sheria kwa kilomita 30. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa 50, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 80, mita 22. Na ukikanyaga breki, gari la 80 linahitaji umbali wa zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la 50 kabla ya kusimama. Mtoto anayevuka kwenda chuoni yuko ndani ya umbali huo.

Tatizo la pili ni kuwa barabara zina wenyewe wengi. Barabara kuu ziko chini ya KeNHA, za mijini chini ya KURA, za mashambani chini ya KeRRA, na tangu Katiba ya 2010 kaunti nazo zina zake. Safari moja ya tuktuk inaweza kugusa barabara za mamlaka mbili au tatu. Matokeo yake ni kibao kirefu hapa, kifupi pale, rangi imefutika kule, na mahali pengine ubao wa mbao ulioandikwa kwa mkono "PUNGUZA MWENDO WATOTO". Mwananchi aliyeandika ubao ule simlaumu. Amefanya kazi ya mtu mwingine.

Vivyo hivyo matuta. Watu wakishazika mtoto, hukusanya mawe na mchanga, wakajenga tuta lao usiku. Tuta lisilo na rangi wala kibao humpunguza mwendo anayelijua, na humuua bodaboda asiyelijua.

Wapo watakaosema Mkenya hatii alama hata ukimwekea za dhahabu. Nakumbuka 2004, kanuni za marehemu Michuki zilipoanza kutumika. Mkanda, mstari wa manjano na idadi ya abiria vilikuwa wazi kiasi kwamba abiria mwenyewe aligeuka askari. Sheria inayoonekana ina watetezi wengi. Sheria isiyoonekana ina mtetezi mmoja tu, askari aliye kando ya njia, na mjadala wake na dereva tunajua huishia wapi. Kwa kanuni za faini za 2016, kuzidisha kilomita 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Ni haki kumtoza mtu pesa hizo palipo na kibao. Pasipo na kibao, hiyo ni mtego.

Kwa hivyo tudai mambo matatu. Kwanza, kila kaunti ya Pwani ikae na mamlaka hizo zote na itangaze orodha moja: mji gani, 50 inaanzia wapi, na nani anawajibika. Pili, alama ziwe za aina moja, zing'ae usiku, na nguzo zake zisiwe za chuma cha kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tatu, mbele ya shule na madrasa mwendo uwe 30, kama nchi zilivyokubaliana Stockholm mwaka 2020 kwa maeneo ambapo watu na magari vinachanganyika.

Sisi Waislamu tumefundishwa kuwa kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Kumwamini Mungu na kudura yake hakumwondolei mtu wa ofisini kazi anayolipwa mshahara kuifanya. Vikao vya umma vya bajeti vinakuja kila mwaka, na wengi wetu huenda kuuliza habari za basari na maji. Mwaka huu aulize mmoja wetu pia: kibao cha 50 cha mji wetu kiko wapi, na kwenye bajeti kimeandikwa ukurasa gani?