Haji Ali Arejeshewe Jina Lake

Wengi wetu tuliijua Arizona kwa sinema: kauboi juu ya farasi, bastola kiunoni, na jangwa lisilo mwisho. Mwenye kuzitazama picha zile atadhani historia ya jimbo hilo la Marekani ilianza na kauboi huyo. Mimi nasema historia hiyo imepunguzwa, na katika waliopunguzwa wamo ndugu zetu Waislamu.

Kwanza tuwape haki wenye nchi. Wahopi wanaishi Oraibi kwa zaidi ya miaka 800. Wanavajo nao walitolewa kwao kwa nguvu mwaka 1864, wakatembezwa kwa miguu mpaka New Mexico, wasirudi hadi mwaka 1868.

Wahispania walipotaka kuijua nchi hiyo, mwaka 1539 walimtanguliza Mwafrika, mtumwa kutoka Azemmour, Moroko. Inaaminika alipita Arizona ya leo kabla ya kuuawa katika nchi ya Wazuni. Vitabu humwita Esteban, jina la ubatizo. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyeliandika.

Miaka mia tatu baadaye mambo yakawa yale yale. Marekani ilikuwa imeipata sehemu kubwa ya Arizona kwa kuishinda Mexico mwaka 1848, na kuinunua ya kusini mwaka 1854. Lakini jangwa liliwashinda farasi na baghala wa jeshi. Waziri wa Vita, Jefferson Davis, akaomba ngamia, na mwaka 1855 Bunge likatoa dola 30,000. Mwaka uliofuata ngamia wakateremshwa pwani ya Texas pamoja na watu wa kuwaongoza. Mmoja wao alikuwa Haji Ali.

Mwaka 1857, Edward Beale alipopima njia ya kaskazini mwa Arizona hadi mto Colorado, ngamia ndio waliobeba mizigo. Walistahimili kiu, wakala vichaka vilivyokataliwa na baghala. Barabara mashuhuri ya 66 ilikuja kufuata sehemu kubwa ya njia hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, mpango ukaachwa. Ngamia wengine wakauzwa, wengine wakatokomea jangwani. Haji Ali alibaki huko akitafuta dhahabu, akafariki Quartzsite mwaka 1902.

Mwaka 1935 idara ya barabara ya Arizona ilimjengea kaburi la mawe mfano wa piramidi, na sanamu ya ngamia juu yake. Lakini jina lililowekwa pale ni “Hi Jolly”. Ndivyo askari walivyolitamka Haji Ali. Hi ni salamu, na jolly ni mchangamfu. Cheo cha mtu aliyeizuru Makka kikageuka utani, na utani ukawekwa kaburini.

Wako watakaosema, “Basi wamemheshimu, mwataka nini tena?” Ni kweli, kaburi lake ni kubwa kuliko ya wengi, na waliolijenga hawakuwa na nia mbaya. Lakini heshima ya mtu huanza na jina lake. Ngamia amechongwa akatambulikana kuwa ngamia. Mwongozaji wake mgeni hawezi kumtambua. Kuandika “Haji Ali” juu ya jiwe lile hakungemgharimu mtu chochote, na kungeirudishia Arizona kipande cha historia yake.

Nasi tusiwacheke Wamarekani. Ni nyumba ngapi hapa pwani zenye babu aliyekwenda Hija kwa meli, na wajukuu hawajui hata jina la baba yake? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jina nalo ni mali. Tuwaulize wazee wangali hai, tuandike wasemavyo, kabla wengine hawajatuandikia wapendavyo wao.