Kungojana Kwenye Amina

Katika msiba mmoja niliohudhuria hapa Musoma, chini ya turubai lililofungwa kamba kwenye mwembe, mzee mmoja wa Kanisa la Mennonite alisimama, akavua kofia, akatuomba sote tusali Sala ya Bwana. Tulianza kwa sauti moja, wala mgeni asingaliweza kubagua nani ni wa kanisa gani. Lakini tulipofika penye ufalme, Wakatoliki walisema “ufike” na wengine wakasema “uje”, na mbele kidogo hawa wakataja kishawishi na wale majaribu. Kisha Wakatoliki wakamaliza, ilhali wenzao walikuwa bado na maneno ya kuutukuza ufalme na nguvu za Mungu. Hapo nikaona jambo ambalo sikulitia maanani kwa miaka mingi: akina mama Wakatoliki wa jumuiya, waliokwisha kutamka Amina yao, hawakuinua vichwa wala hawakuketi, walingoja, mikono imefumbatwa, hata Amina ya pili ilipotamkwa wakaiitikia nayo kana kwamba ni yao.

Toleo hili, lililokusanya makala za ndugu wa Musoma, Bunda na Butiama juu ya umoja wa Wakristo, nimependa lifunguliwe na kungojana huko, kwa kuwa naamini kwamba umoja tunaouomba hautaanzia mezani pa mapatano, bali utaanzia katika unyenyekevu wa mja anayekubali kwamba sala haijakwisha maadamu ndugu yake angali akisali.

Hitilafu zetu hazikuota katika ardhi ya mkoa wetu wa Mara, zililetwa. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Nyegina mwaka 1911, Wamenno kutoka Marekani wakafika Shirati mwaka 1934, na Waadventista, Waanglikana na watu wa Africa Inland nao wakawa na vituo vyao. Wazazi wetu hawakupima hoja za wanazuoni wa Ulaya ndipo wakachagua. Aghalabu mtu alikuwa wa dhehebu fulani kwa sababu shule iliyokuwa karibu na mji wa babake ilikuwa ya wamisionari wale na si wengine. Hayo hayabatilishi imani yao, kwani Mwenyezi Mungu hupita katika njia aipendayo. Lakini yatosha kutuzuia tusijivunie utengano ambao hatukuugharimia hata siku moja ya kufikiri.

Na katika Mara hii hii ndimo tulimoonyeshwa dawa. Mwaka 1942, miaka minane tu baada ya misheni ya Wamenno kufunguliwa, moto wa uamsho uliokuwa umewaka Rwanda na Uganda ulifika Shirati. Kutubu kwa wenyeji hakukuwa ajabu, maana toba ndiyo waliyohubiriwa kila Jumapili. Ajabu ilikuwa kwamba wamisionari nao walisimama mbele ya wale waliokuja kuwafundisha, wakaungama kiburi chao na kule kujiona bora kwa sababu ya rangi na elimu. Siku ile mgeni na mwenyeji walikutana mahali pamoja, chini ya msalaba, ambapo hakuna mwenye kiti. Zedekia Kisare, aliyewekwa wakfu mwaka 1967 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania, alikuwa mmoja wa waliopita katika uamsho huo. Fauka ya hayo, Mmenno wa Shirati, Mlutheri wa Bukoba na Mwanglikana wa Uganda wakatambuana kuwa ndugu, wakaambiana “Bwana asifiwe” na kuungamiana dhambi, na hali hakuna mkataba uliotiwa saini baina ya makanisa yao. Roho alitangulia, karatasi zilimfuata.

Tangu hapo makanisa yetu yameongezeka. Waanglikana walipata Dayosisi ya Mara mwaka 1985, na Wakatoliki wakapata Jimbo la Bunda mwaka 2010, lililomegwa kwa sehemu kutoka Jimbo la Musoma. Twamshukuru Mungu. Walakini kukua kwa makanisa si lazima kuwe ndiko kukua kwa imani. Mti waweza kutoa matawi mengi na mizizi yake ikabaki juu juu. Imani hukua inapolishwa na Roho, naye Roho ana desturi ya kutupa kwa mkono wa jirani kile tunachokikosa nyumbani.

Wako wanaosema kwamba kusali pamoja ni kuchanganya kweli na uongo. Neno lao si la kudharauliwa, kwa sababu linatoka katika heshima ya kweli. Ni dhahiri kwamba hatukubaliani juu ya ubatizo wa watoto wachanga, wala juu ya Ekaristi, wala juu ya siku ya Sabato, na anayejifanya kwamba hitilafu hizo ni ndogo hampendi ndugu yake, bali anapenda raha. Lakini kusali pamoja si kujifanya. Padre Paul Wattson wa New York, aliyeanzisha siku nane za kuombea umoja mwaka 1908, alikuwa Mwanglikana alipozianzisha, akawa Mkatoliki mwaka uliofuata. Hata leo siku hizo, kuanzia 18 hadi 25 Januari, huandaliwa kwa pamoja na Vatikani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na hakuna aliyedaiwa kuikana imani yake ndipo aruhusiwe kupiga magoti.

Tena kila mmoja wetu ana amana aliyowekewa kwa ajili ya wenziwe. Katika mkoa ambao wizi wa mifugo na magomvi ya koo yamemwaga damu nyingi, twauhitaji ushuhuda wa Wamenno, ambao tangu asili wamekataa upanga. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, zinazokutana nyumba kwa nyumba hata mgonjwa asisahauliwe. Na kila mwezi wa Desemba ukaribiapo, binti zetu wanapokimbia kisu cha ngariba, Wakatoliki wamewapokea Masanga na Waanglikana wamewapokea Mugumu. Binti aliyetembea usiku kucha akiwa peku hubisha mlango wenye taa, na aliyefungua mlango ule amekwisha kusali sala ya umoja kabla hajatamka neno.

Butiama nako kuna funzo. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa huko aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, katika uzee wake aliitia Injili katika tenzi, bahari ya ushairi iliyolelewa na washairi Waislamu wa pwani, akaichapisha mwaka 1996. Alikuwa Mkatoliki thabiti wa kuhudhuria Misa, na uthabiti huo haukumzuia kuazima chombo cha jirani kwa taadhima. Aliyetia mizizi hatishwi na upepo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nakusihi usisome kurasa hizi kwa kutafuta nani ameshinda. Soma kama walivyosimama akina mama wale chini ya turubai: umeshika imani yako kwa mikono miwili, umekwisha kusema Amina yako, na kichwa chako kingali kimeinama kwa sababu ndugu yako hajamaliza.