Sauti Ifundishwe kwa Mikono

Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania aulizwapo sauti ni nini, hujibu mara moja kwamba ni mtetemo unaosafiri hewani kwa mwendo wa karibu mita 340 kwa sekunde. Jibu ni sahihi, na alama hupata. Lakini mwanafunzi huyo huyo akipewa spika ya redio iliyonyamaza, hushindwa kueleza kilichoharibika. Hiyo ni elimu ya kasuku.

Kisingizio cha kila siku ni ukosefu wa maabara. Kwa somo la sauti, kisingizio hicho hakina nguvu. Waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi, sumaku ya spika mbovu, karatasi na gundi vyatosha. Waya huzungushwa mara 100 hivi juu ya bomba dogo la karatasi, bomba hubandikwa nyuma ya pia ya karatasi, na sumaku huwekwa karibu yake. Redio ya betri ikiunganishwa, umeme hubadilika-badilika katika waya. Sumaku huuvuta na kuusukuma. Karatasi hutikisika, na hewa huchukua mtikisiko huo hadi sikioni. Punje za mchanga zikiwekwa juu ya karatasi, hurukaruka mbele ya macho ya darasa zima.

Somo haliishii hapo. Spika ikishikwa wazi mkononi, filimbi husikika lakini ngoma hufifia. Ikifungwa kwenye tundu la ubao mpana, ngoma hurudi. Sababu ni kwamba karatasi inapoibana hewa ya mbele, huilegeza ya nyuma. Mawimbi hayo mawili hukutana ukingoni na kuuana. Ubao huyatenga. Kanuni hiyo haisahauliki, kwani imesikika.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa Machi 1967, ilikwisha kukemea dhana kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Walimu watasema muda ni mfupi na mtihani unangoja. Wasemayo ni kweli, kwani mwalimu hufundisha kile kinachopimwa. Basi watunga mitihani na wathibiti ubora wa shule ndio waanze: spika iliyotengenezwa na mwanafunzi, naye akaweza kuieleza, ihesabiwe alama. Taifa halijengi viwanda kwa madaftari yaliyojaa na mikono isiyojua kazi.