Gemu ya utotoni imerudi na jina lile lile, mzazi usikimbilie kumpa mtoto simu

Mwaka 1997 studio ya Bullfrog ya Uingereza ilitoa gemu ya kompyuta iliyoitwa Dungeon Keeper. Humo mchezaji si shujaa. Ni bwana wa mahandaki, anayewaamrisha vibwengo wake wachimbe vyumba chini ya ardhi, wakusanye dhahabu na kuandaa mitego, ili mashujaa wakija kumvamia wakute wanasubiriwa. Iliuzwa ndani ya boksi lenye CD. Ukishailipia dukani, yamekwisha.

Mwanzoni mwa 2014 jina hilo lilirudi kwenye simu, chini ya kampuni ya Electronic Arts (EA), na safari hii ikatangazwa kuwa gemu ya bure. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 wakati ule alikuwa anakaribia 30, pengine naye ana mtoto. Mashabiki wakaipakua kwa furaha. Ndipo walipogundua kwamba kibwengo akitumwa kuvunja kipande kimoja cha mwamba, vipande vingine vinamchukua saa nne na vingine saa 24. Ni saa za kweli, hizi za ukutani. Asiyetaka kusubiri ananunua vito, na vito vinanunuliwa kwa pesa halisi.

Peter Molyneux, aliyeongoza utengenezaji wa gemu ya 1997, alisema hadharani kwamba yeye alitaka tu kujenga handaki lake, si kutega kengele ya saa ili arudi siku nyingine kuona kipande kimoja kimevunjika. Julai mwaka huohuo Mamlaka ya Viwango vya Matangazo ya Uingereza iliamua kuwa tangazo la gemu hiyo lilipotosha, kwa sababu liliiita ya bure bila kueleza jinsi anayecheza bure atakavyosubirishwa.

Kulikuwa na jambo jingine dogo, na mzazi anayechagua gemu kwa kuangalia nyota atapenda kulijua. Kwenye simu za Android, gemu ilipomwomba mchezaji aipe alama, aliyebonyeza nyota tano alipelekwa moja kwa moja dukani. Aliyebonyeza moja hadi nne aliombwa awaandikie watengenezaji pembeni. EA ilijitetea kwamba inakusanya maoni ya wachezaji. Maoni yalikusanywa kweli, ila ya wenye hasira hayakuwa yakielekezwa mahali ambapo mzazi angeyaona.

Ukiwasikiliza mashabiki wa gemu za zamani wakilalamikia matoleo mapya, ni rahisi kuwacheka. Watu wazima wenye kazi na familia wanabishana kuhusu rangi ya joka au mlio wa bunduki. Lakini kwa mzazi, hawa ni wakaguzi wasiolipwa. Wanaijua gemu ya zamani nje ndani, na mpya wanaicheza hadi mwisho, kwa hiyo ndio wa kwanza kuona kilichoongezwa na kilichoondolewa. Mzazi mara nyingi anaona jina tu. Anakumbuka aliicheza, haikumdhuru, anamkabidhi mtoto simu na kurudi jikoni au kwenye taarifa ya habari.

Si kila kilio chao kina uzito uleule nyumbani. Mfano ni Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki waliijua kwenye kompyuta za intaneti kafe na PlayStation za mtaani. Novemba 2021 kampuni ya Rockstar iliitoa upya pamoja na GTA III na Vice City. Mashabiki walikuta mvua inayoziba kioo kizima, sura za watu zilizoharibika, na mabango ya barabarani yenye maneno yaliyokosewa herufi. Walikasirika zaidi kwa sababu matoleo ya zamani yalikuwa yameshaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Ndani ya siku chache kampuni iliomba radhi na kuahidi kuyarudisha kwa wanunuzi wa kompyuta.

Mvua na sura hazimhusu sana mzazi. Kinachomhusu ni kitu ambacho mashabiki hawakukilalamikia kwa sababu hakikubadilika. Hii ni gemu ya watu wazima, Ulaya inabeba alama ya miaka 18, na picha mpya zinazong'aa hazijaifanya ya watoto. Toleo la kwanza la San Andreas lilifikia mahali ambapo, mwaka 2005, bodi ya Marekani inayopanga gemu kwa umri, ESRB, iliipandisha daraja na kuiweka ya watu wazima tu, baada ya kugundulika kuwa ndani ya diski kulikuwa na kipande cha ngono kilichofichwa.

Hapo ndipo hoja maarufu ya kina baba inapokuja: mbona sisi tuliicheza tukiwa darasa la sita na hatukuharibika? Inawezekana. Lakini mtoto wa darasa la sita wa wakati ule alicheza nusu saa, hela ikaisha, mwenye kibanda akamtoa kitini na mwingine akakaa. Wa leo analala na simu.

Malalamiko ambayo mzazi anapaswa kuyapa sikio lote ni yale ya pesa na muda. Crash Team Racing, gemu ya mashindano ya magari madogo yenye wanyama wachekeshaji, ilitoka kwenye PlayStation mwaka 1999, na hata mzazi mkali hana la kusema juu ya picha zake. Juni 2019 kampuni ya Activision iliitoa upya kwa jina la Nitro-Fueled. Wakaguzi wa magazeti waliisifu, wazazi wakainunua. Zaidi ya mwezi mmoja baadaye, Agosti, ikaongezwa njia ya kununua sarafu za ndani ya gemu kwa pesa halisi. Aliyesoma uhakiki siku ya kwanza hakuona chochote cha kumtia wasiwasi, kwa sababu siku hiyo hakikuwepo. Mashabiki walipiga kelele siku ileile mabadiliko yalipofika.

Kwa nini jambo hili liko kwenye ukurasa huu na si ule wa teknolojia? Shirika la Afya Duniani (WHO) limeliingiza tatizo la uchezaji gemu katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu anashindwa kudhibiti uchezaji wake, gemu inatangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha, na anaendelea au anazidisha hata baada ya madhara kuonekana. Kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa angalau miezi 12 na iwe imeharibu masomo, familia au kazi. WHO yenyewe inasema linawapata wachezaji wachache tu. Mtoto anayelia akinyang'anywa simu Jumamosi mchana si mgonjwa, ni mtoto.

Ila tazama dalili ile ya kwanza, kushindwa kudhibiti, kisha rudi kwa kibwengo na mwamba wake. Gemu ya zamani ilikuwa na mwisho. Unamaliza hatua ya mwisho, mashujaa wote wamelala chini, unazima. Ya simu haina mwisho, na kusubiri kwenyewe ndiko kunakomrudisha mtoto. Saa nne zikiisha simu inalia kumjulisha kuwa kazi imekamilika, njoo uanzishe nyingine. Saa nne kutoka saa moja jioni ni saa tano usiku. Mtoto wa shule ya msingi aliyeamka saa tano usiku kuangalia handaki lake atasinzia kwenye hisabati kesho yake, na mwalimu atamwita mzazi kuuliza kama kuna tatizo nyumbani.

Dungeon Keeper 2 ya mwaka 1999 ilifanya kinyume kabisa. Mchezaji akipitiliza hadi usiku wa manane, sauti nzito ya msimulizi humtania kuwa amejipatia siri ya ushindi, kisha humwambia aende akalale.

Zamani nako hakukuwa peponi. Mashine za gemu za kumbi za Marekani na Japani zilitengenezwa kuwa ngumu makusudi ili zimeze sarafu. Civilization ya mwaka 1991 imewakesha watu wazima wengi waliojiambia kila mara kuwa watacheza zamu moja tu ya mwisho. Na kuna wazazi wa leo waliowahi kuchapwa kwa kupitisha chenji ya mkate kwenye kibanda cha gemu. Tofauti ni kwamba chenji ya mkate ilikuwa na kikomo, na mama aliihesabu.

Kuhusu simu, kuna tukio moja linalosimuliwa sana na mashabiki. Novemba 2018, huko California, kampuni ya Blizzard iliwakusanya wapenzi wa Diablo, gemu ya kompyuta iliyoanza mwaka 1996, na kuwatangazia toleo jipya. Walitarajia la kompyuta. Wakaambiwa ni la simu, Diablo Immortal. Shabiki mmoja alisimama kuuliza kama huo ni utani wa Siku ya Wajinga ulioletwa nje ya msimu. Ukumbi ulipozomea, mmoja wa watengenezaji akawauliza kama wao hawana simu.

Kwetu swali hilo lina jibu jepesi, simu tunazo. Tena kwa familia nyingi simu ndiyo kompyuta ya nyumba, na ni ileile yenye pesa ya mzazi ndani yake. Lakini mashabiki wale hawakuwa wanaringa na kompyuta zao. Walihofia kwamba gemu ikihamia kwenye simu itahama pamoja na namna ya kulipisha. Ilipotoka Juni 2022 hofu ikathibitika: nguvu ya mhusika inategemea vito ambavyo vingine hupatikana kwa kulipia jaribio ambalo hujui litatoa nini. Haikutolewa kabisa Ubelgiji wala Uholanzi. Tangu Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilikuwa imesema kwamba masanduku ya bahati ndani ya gemu, unayolipia kabla ya kujua kilichomo, ni kamari na yanavunja sheria ya nchi hiyo.

Diablo si gemu ya watoto kwa vyovyote. Masanduku hayo ndiyo yamefika kwenye gemu za watoto pia, na mtoto wa miaka tisa hajui kuwa anacheza droo. Yeye anaona sanduku linatikisika, linafunguka, linatoa mwanga.

Isionekane kwamba kila kitu kilichorudishwa kimeharibiwa. Mwaka 2020 EA, kampuni ileile ya vibwengo, ilirudisha gemu za vita za Command & Conquer za mwaka 1995 na 1996. Iliwapa kazi hiyo watu waliokuwemo kwenye timu ya awali, ikaita kikundi cha mashabiki kushauri tangu mwanzo, na ikaahidi kwamba hakutakuwa na ununuzi wowote wa ndani. Katika sehemu ya kucheza peke yako, kitufe kimoja kinakubadilishia picha mpya kuwa za zamani papo hapo, hivyo baba anaweza kumwonyesha mwanawe vifaru vilivyokuwa kama vibiriti enzi zake. Mashabiki waliisifu, na sifa zao zina thamani kwa sababu hawasifu ovyo. Nayo ni gemu ya vita, si ya mtoto wa chekechea.

Mzazi anayetaka kujua gemu iliyorudi imerudi na nini, asianzie kwenye nyota. Kwenye ukurasa wa duka la simu kuna maandishi madogo yanayosema kama kuna ununuzi ndani ya programu. ESRB ilianza kuyaweka hata kwenye maboksi mwaka 2018, na Aprili 2020 ikaongeza onyo kwa gemu zenye vitu vya kubahatisha. Kisha asome maoni ya waliotoa nyota mbili na tatu, hasa yanayotaja toleo la zamani, na aangalie tarehe: ya mwezi huu yana faida kuliko ya siku gemu ilipotoka. Akiweza, acheze mwenyewe siku tatu au nne. Siku ya kwanza haitoshi, kwa sababu gemu za namna hii huwa karimu sana mwanzoni, na mlango wa malipo hujitokeza mtoto akishazoea.

Halafu kuna nenosiri. Januari 2014 Tume ya Biashara ya Marekani ilikubaliana na Apple irudishe angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya gemu bila ruhusa, na Septemba mwaka huo Google nayo ikakubali kurudisha angalau dola milioni 19. Wazazi wengi walikuwa wameandika nenosiri mara moja wakiamini wanaruhusu kitu kimoja. Hawakujua kwamba kwenye Apple mlango ulibaki wazi kwa dakika 15 baada ya hapo, na kwenye Google dakika 30, muda ambao mtoto angeweza kubonyeza kununua tena na tena.

Mipangilio ya siku hizi inakuruhusu kuchagua nenosiri liombwe kwa kila ununuzi, bila muda wa ziada. Chagua hivyo, na kama kadi ya benki au pesa ya simu imeunganishwa na akaunti anayochezea mtoto, iondoe. Nenosiri lenyewe lisiwe mwaka aliozaliwa. Anaujua.